Sekunde Ishirini za Mwanga wa Bluu

Tuliondoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri, mimi na mzee wa jirani tunayemwita Koko, kwa taksi inayopita Isingiro kwenda Mbarara. Mimi ni mwalimu wa kemia. Niliisoma kwa Kifaransa kule Uvira, naifundisha kwa Kiingereza hapa Uganda, na jioni pale New Congo, kijiji chetu cha Nakivale, watu huniuliza maswali yake kwa Kiswahili. Siku hiyo sikwenda kama mwalimu, nilikwenda kama mkalimani. Koko alikuwa na miadi Ruharo, kwenye kituo cha macho cha hospitali ya misheni ya Kanisa la Uganda, atolewe mtoto wa jicho la kulia. Kinyankole changu kinatosha kueleza panapouma na pameanza kuuma lini.

Nami nilikuwa na langu. Gego la chini upande wa kushoto lilikuwa limezibwa mwaka uliotangulia, na kizibo kikang'oka nikitafuna mahindi ya kuchoma. Aliyeliziba, katika chumba ambacho sitakitaja, aliwasha taa yake nikahesabu moja hadi nne, akaizima, akapokea pesa. Wakati ule sikujua kwamba nilipaswa kulalamika. Kwa hiyo Koko alipokwisha kupokelewa na kuonyeshwa kitanda, nilishuka mjini kutafuta kliniki nyingine ya meno.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri lakini mwenye mikono mitulivu. Alinichoma sindano ya ganzi, akasafisha tundu, akapaka tindikali laini kwa muda mfupi, akaisuuza. Tindikali hiyo huchimba vishimo vidogo mno kwenye jino ili dawa ya kuzibia ipate pa kushika. Mbinu hiyo aliieleza Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955, na bila hiyo haya mengine yote yasingekuwa na maana. Kisha akatoa uji mzito wenye umanjano hafifu kutoka kwenye bomba jeusi la plastiki. Kabla hajaugusa, akaigeuza ile taa kubwa ya juu ikatazama ukuta.

Nikamuuliza kwa ishara kwa nini, maana mdomo ulikuwa wazi.

"Mwanga wa taa hii una bluu ndani yake, Mwalimu," akasema. "Nikiiacha, dawa itaanza kuganda kabla sijaitengeneza."

Akaweka uji kidogo, akausawazisha, akashika kifaa kama kalamu nene chenye ngao ya rangi ya machungwa. Mwanga wa bluu ukajaa kinywani. Akahesabu kwa sauti hadi ishirini. Akaweka tabaka la pili, akahesabu tena. La tatu, tena. Alipomaliza akaligonga jino kwa chuma, nalo likalia kama jiwe.

Kesho yake, tukirudi, Koko akiwa na dawa za matone mfukoni na jicho lililokwisha kufunguliwa bendeji, alinigeukia: "Mwalimu, ile taa walikutia mu kinywa, ilikuwa inachoma nini?"

Nilimjibu vipande vipande njia nzima, kati ya migomba ya Isingiro na ng'ombe wenye pembe ndefu waliotuzibia barabara. Haya ndiyo niliyomwambia, na mengine ambayo honi ya dereva ilinizuia kuyamaliza.

Taa haikuchoma kitu, wala haikukausha. Udongo wa ukuta hukauka kwa sababu maji yanaondoka. Katika ule uji hapakuwa na kitu cha kuondoka. Kilichokuwemo ni molekuli ndogo ndogo zenye uwezo wa kushikana mikono zikawa mnyororo. Ile moja moja tunaiita monoma, na mnyororo mzima ni polima. Neno la kila siku la polima nyingi ni plastiki.

Sasa tazama mikono. Kila chembe ya kaboni ina mikono minne. Katika monoma za jamii ya vinili, kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja, na kushikana huko maradufu ndiko hazina yake. Akija mgeni mwenye mkono mmoja mtupu, atashika mkono mmoja wa kaboni ya kwanza. Kaboni ya pili sasa imeachiwa, na mkono wake uko mtupu. Inamshika jirani. Jirani naye anabaki na mkono mtupu, anamshika wa kwake. Huyo mwenye mkono mtupu wanakemia wanamwita radikali. Mmoja tu akitokea, mamia au maelfu ya monoma wanaweza kuunganishwa kabla mnyororo haujakoma. Bomba nyeupe na za kijivu za maji tunazozifukia ardhini ni mnyororo wa vinili. Dawa ya kuzibia jino langu ni ya ndugu yake, methakrilati, ambayo molekuli zake zina mahali pa kushikia ncha zote mbili. Kwa hiyo minyororo hufungana yenyewe kwa yenyewe ikawa kama wavu, na ndiyo maana haiyeyuki tena.

Kwamba mwanga unaweza kuanzisha jambo hili si habari mpya. Mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann aliacha kloridi ya vinili ndani ya vyombo vya kioo juani, akakuta unga mweupe umejitengeneza. Ulikuwa ndio ule ule tunaouita PVC leo. Lakini jua la Baumann lilifanya kazi polepole, na daktari wa meno hawezi kumwanika mgonjwa juani siku kadhaa. Alihitajika mtu wa kati: kitu cha kuunasa mwanga mara moja na kuugeuza kuwa mkono mtupu.

Mtu huyo wa kati ametokana na kafuri. Nasema kafuri ile ile ambayo majirani zetu Wasomali, na Waislamu wetu wa Uvira, huitumia kumwandaa maiti. Molekuli ya kafuri ina oksijeni moja. Ukiiongezea ya pili kando ya ile ya kwanza unapata unga wa manjano uitwao kamforikwinoni. Ni wa manjano kwa sababu unaumeza mwanga wa bluu, na huumeza kwa nguvu zaidi kwenye nanomita 468, yaani bluu ile iliyojaa kinywani mwangu. Ndani ya uji upo kidogo sana, kwa kawaida haufiki hata sehemu moja katika mia. Umanjano hafifu niliouona ulikuwa wa unga huo. Ukishafanya kazi hufifia, kwa hiyo jino likabaki na rangi ya jino.

Kamforikwinoni iliyomeza mwanga inakuwa na njaa. Inatamani elektroni. Karibu yake, katika uji ule ule, imewekwa kemikali ya jamii ya amini, yenye elektroni mbili ambazo haikuzishikilia sana. Wawili hao wakikutana, mwenye njaa anavuta elektroni moja kutoka kwa mwenye nazo, na kwa kitambo kifupi mno wanakuwa kitu kimoja chenye ncha ya chanya na ncha ya hasi. Kisha chembe ya haidrojeni inaifuata ile elektroni ilikokwenda. Wanapoachana, amini imebaki na mkono mtupu. Mnyororo unaanzia hapo. Mwanga kazi yake ilikuwa kuamsha njaa tu. Yaliyofuata ni makabidhiano kati ya mtoaji na mpokeaji.

Makabidhiano haya yana ukoo mkubwa. Wanakemia huyaita uhamisho wa chaji, na huyagawa kwa kuuliza nani alitangulia, ndoa au mwanga. Katika jino langu mwanga ulitangulia: ulimwamsha mmoja, naye akaenda kumtafuta mwenzake. Lakini kuna jozi ambazo huwa zimekwisha kukaribiana gizani. Mtoaji na mpokeaji wamelala ubavu kwa ubavu, elektroni inaegemea kidogo upande wa mpokeaji, na kwa kukaribiana huko wanapata rangi ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo peke yake. Mwanga wa rangi inayofaa ukiwapata hivyo, elektroni inavuka papo hapo.

Ukitaka kuiona rangi hiyo ya kukaribiana, tafuta iodini. Mvuke wake ni wa zambarau. Iyeyushe katika spiriti, inakuwa ya kahawia. Molekuli za spiriti zimeiegemeza elektroni upande wa iodini, na kahawia hiyo ndiyo alama yake. Mmarekani Robert Mulliken aliieleza nadharia ya jozi za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1966 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya elektroni na viungo vya molekuli. Huwaonyesha wanafunzi wangu iodini hii kila muhula. Nina kichupa kimoja, na nakitunza kuliko simu yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti waligundua kwamba monoma yenyewe inaweza kuwa mwanandoa. Vinilikabazoli, ambayo ni tajiri wa elektroni, ikikutanishwa na mpokeaji mwenye pupa huanza kufunga minyororo, na mwanga huiharakisha. Kuna michanganyiko mingine ambamo monoma mbili, moja mtoaji na moja mpokeaji, huangaziwa zikaungana kwa zamu, huyu kisha yule, huyu kisha yule, bila kuhitaji mtu wa kati wa kuanzisha. Kwangu mimi hiyo ni kemia nzuri kuliko zote: hakuna wa tatu aliyeongezwa, waliopo wanatoshana.

Koko alinisikiliza hadi hapa, akagusa shavu chini ya jicho lake. "Na hii yangu? Nayo ni ya taa?"

Nilifurahi kuulizwa. Lenzi anayowekewa mtu aliyetolewa mtoto wa jicho, ile ngumu ya bei nafuu iliyowarudishia watu wengi kuona katika nchi zetu, ni ya polimethili-methakrilati. Hiyo ni ndugu wa damu wa uji wa jino langu. Tofauti ni kwamba mnyororo wa lenzi hufungwa kiwandani, mara nyingi kwa joto na kemikali, kisha plastiki inachongwa na kung'arishwa. Jino langu lilifungiwa mnyororo ndani ya kinywa changu, mbele ya macho yangu.

Lenzi hiyo ilianzia vitani. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba marubani waliopigwa na vipande vya madirisha ya ndege machoni hawakuwa wakiugua kutokana na plastiki yenyewe. Jicho lilikuwa limeipokea. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1994, huku kwetu mashariki mwa Afrika, Eritrea ilifungua kiwanda cha lenzi mjini Asmara, kilichobeba jina la Fred Hollows, daktari wa macho aliyekipigania na kufariki kabla hakijaanza kazi.

Na plastiki ya madirisha ya ndege zile, Perspex, ilikuwa ya kampuni ya Kiingereza ICI. Miaka mingi baadaye wanakemia wa ICI hiyo hiyo ndio waliotumia kamforikwinoni na amini kugandisha dawa ya kuzibia meno kwa mwanga unaoonekana. Kabla yao zilikuwepo taa za miali ya urujuanimno, ambayo haikuzama sana kwenye dawa na ilikuwa na hatari zake kwa macho na ngozi. Tarehe 24 Februari 1976, huko Manchester, Dkt. Mohammed Bassiouny aliziba jino la kwanza kwa njia mpya. Mwenye jino alikuwa John Yearn, mkuu wa mradi wenyewe pale ICI. Namheshimu mtu anayetanguliza jino lake mwenyewe.

Taa za mwanzo zilikuwa balbu zenye joto, na feni zake zilipiga kelele. Ile ya kliniki ya Mbarara haina waya, inachajiwa kama simu. Hilo liliwezekana baada ya Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kutengeneza taa ya LED ya bluu, wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Watu husifu LED kwa kuangaza nyumba. Mimi naisifu kwa sababu daktari anaweza kuibeba kwenye mkoba hadi mahali ambapo umeme unakatika, na betri ikamaliza kazi.

Lakini udhaifu wa njia hii uko hapo hapo kwenye nguvu zake. Mwanga ndio mwanzo wa yote, hivyo pasipofika mwanga hapagandi. Uji wenyewe unaumeza mwanga kadiri unavyozama, ndiyo maana daktari mwangalifu huweka tabaka za takriban milimita mbili na kuangazia kila moja. Ncha ya taa ikisogezwa mbali kwa milimita chache, nguvu inapungua. Ikiwa imepakwa mabaki ya dawa ya mgonjwa wa jana, inapungua. Betri au taa ikizeeka, inapungua, na jicho halitatambua, maana kwa macho yetu bluu hafifu na bluu kali hazitofautiani kirahisi. Kuna kipimo kidogo cha kupima nguvu ya mwanga, na kila kliniki yenye taa ingepaswa kuwa nacho.

Hata kazi ikifanywa vizuri, viungo vya maradufu havifunguki vyote. Mara nyingi ni kati ya nusu na robo tatu. Taa ikikatishwa, hesabu inashuka. Juu panakuwa pagumu, chini pamebaki uji, na uso unamdanganya mgonjwa na daktari kwa pamoja. Hivyo ndivyo kizibo changu cha kwanza kilivyokufa. Jambo jingine ni kusinyaa. Molekuli zikishikana zinakaribiana, na dawa inapungua ujazo kwa asilimia mbili tatu hivi. Ikiwekwa donge moja kubwa, inajivuta kutoka kwenye ukuta wa jino, upenyo unatokea, na upenyo ni mlango wa kuoza upya. Tabaka nyembamba hupunguza madhara hayo.

Oksijeni nayo ni mwizi. Inaunyakua ule mkono mtupu kabla ya jirani kufika, ndiyo maana uso wa juu wa dawa hubaki na utelezi mwembamba unaonata hadi daktari aung'arishe. Wasichana wanaopakwa rangi ya kucha ya jeli saluni wanaufahamu utelezi huo. Huwekewa mkono kwenye kijitaa, kisha kucha zinafutwa kwa spiriti. Wanaanzishiwa mnyororo kwa kemikali nyingine na mwanga ulio karibu zaidi na urujuanimno, lakini ni jamii ile ile ya kazi.

Nakivale ilitengwa kwa ajili ya wakimbizi zaidi ya miaka sitini iliyopita, na bado mtu wa sehemu zake kama Juru au Rubondo akiumwa jino, mara nyingi njia anayoifikiria ni kung'oa. Sitaki asomaye hapa adhani kwamba bila taa hakuna kuziba. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Jo Frencken na wenzake walianzisha mbinu ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuliziba kwa dawa ya unga wa kioo na tindikali ambayo hujigandisha yenyewe. Mbinu hiyo imetangazwa na Shirika la Afya Duniani na inafaa sana kambini, hasa kwa watoto. Dawa ya mwanga huishinda kwa nguvu na kwa rangi, ila kazi yake inataka ukavu, subira na taa nzima. Na kwa kuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze vizibo vya zebaki, njia hizi mbili ndizo tutakazozidi kukutana nazo.

Tulifika New Congo jua likiwa limeelekea ziwani. Koko aliteremka, akasimama, akamtazama mjukuu wake aliyekuja kumpokea mzigo. Akamwambia shati lake lina kifungo kimoja cha rangi tofauti na vingine.

Jino langu sasa lina mwaka wa pili na mahindi nayatafuna. Wewe utakayekaa kwenye kiti kile, muulize daktari kabla hajaanza: taa yako inataka sekunde ngapi kwa kila tabaka? Ni swali la heshima na kila daktari mwema atalijibu. Kisha fumba macho, usiutazame mwanga, uhesabu. Zisipotimia, nyanyua mkono umwombe arudie.